Marekani na Japani: Kikomo cha Magari Kilimnufaisha Nani?

Mwaka 1980 Japani iliipiku Marekani kwa kuunda magari. Viwanda vyake vilitoa zaidi ya milioni 11, vya Marekani takriban milioni 8. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafla mwaka 1973, ikapanda tena 1979 baada ya mapinduzi ya Iran, na Wamarekani waliozoea magari makubwa yanayobugia petroli wakaanza kutafuta madogo. Madogo ya kuaminika yalitoka Japani. Chrysler, kampuni ya magari ya Marekani, ikanusurika kwa mikopo iliyodhaminiwa na serikali, na wafanyakazi wa Detroit, kitovu cha viwanda vya magari nchini humo, wakapoteza ajira kwa maelfu.

Bunge la Marekani likaanza kujadili sheria ya kuzuia magari hayo. Ili kuiwahi, Mei 1981 Tokyo ikatangaza kwamba haitapeleka Marekani zaidi ya magari milioni 1.68 kwa mwaka. Rasmi ulikuwa uamuzi wa hiari, lakini shinikizo la Washington lilikuwa wazi kwa kila mtu.

Hapa ndipo wananchi wengi hupotea, kwa hiyo tutulie kidogo. Tuseme gari linaingia nchini kwa dola 6,000. Serikali ikilitoza ushuru wa asilimia 10, dola 600 zinaingia hazina na zinaweza kujenga barabara. Lakini ikiwekwa idadi tu, magari yanaadimika ilhali wanunuzi ni walewale, bei inapanda yenyewe, na ile nyongeza hazina haiioni. Inabaki kwa muuzaji. Ndivyo ilivyokuwa: Mmarekani wa kawaida alilipa zaidi, na sehemu kubwa ya fedha hizo ikaenda kwa kampuni zilezile za Japani zilizokusudiwa kubanwa. Kampuni za Detroit nazo zilipata nafasi ya kupandisha bei. Kwa maoni yangu, kati ya njia zote za kulinda viwanda, hii ndiyo inayomuumiza mlaji zaidi, kwa sababu haionekani kwenye risiti yake.

Wajapani walisoma masharti kwa makini. Kilichohesabiwa kilikuwa idadi ya magari, si thamani yake. Basi wakaanza kupeleka magari makubwa zaidi, yenye vikorombwezo vingi na faida nono, hadi Toyota ikazindua Lexus, chapa yake ya magari ya kifahari, mwaka 1989. Tena, gari lililoundwa ndani ya Marekani halikuhesabiwa. Honda ikaanza kuunda Accord huko Marysville, Ohio, mwaka 1982. Nissan ikafuata Smyrna, Tennessee, 1983. Na Toyota ikaingia ubia na General Motors huko Fremont, California, mwaka uliofuata.

Septemba 1985, katika hoteli ya Plaza jijini New York, mataifa matano yalikubaliana kuishusha dola. Dola moja, iliyokuwa takriban yeni 240, ikafika karibu yeni 150 ndani ya miaka miwili. Magari yaliyoundwa Japani kwa gharama za yeni yakawa ghali kwa dola, na viwanda vikazidi kuhamia Marekani. Ajira zilirudi, ingawa nyingi hazikurudi Detroit, na mfanyakazi aliyefukuzwa huko hakufarijika kusikia kwamba Kentucky wanaajiri.

Kikomo kiliondolewa mwaka 1994. Kwa miaka kadhaa kabla ya hapo, magari yaliyotoka Japani hayakuwa yakifikia hata idadi iliyoruhusiwa.