Jicho litangulie mdomo

Mashindano ya kusoma kwa sauti yakikaribia, walimu wenzangu huniletea kwanza mwanafunzi anayesoma haraka kuliko wote. "Huyu anatiririka, mwalimu." Kweli anatiririka, na mara nyingi ndiye mwenye kazi kubwa zaidi mbele yake. Simlaumu. Upimaji wa kusoma katika madarasa ya chini mara nyingi huhesabu maneno ambayo mtoto ameyasoma sawasawa ndani ya dakika moja, basi anafika darasa la tano akiamini kusoma ni mbio.

Kuunganisha silabi hakumsumbui mtoto wa umri huo, maana Kiswahili huandikwa karibu kama kinavyotamkwa. Kinachomsumbua ni kujua sentensi inaelekea wapi kabla hajaianza. Chukua "Baba amerudi." Weka nukta, ni taarifa, weka alama ya kuuliza, ni swali. Hakuna neno lililoongezwa wala lililohama, kiimbo tu ndicho kilichobadilika. Msomaji ambaye jicho lake limeganda kwenye neno analolitamka huikuta alama ya kuuliza sentensi ikiwa imekwisha, kisha hupandisha silabi ya mwisho ghafla kama aliyekanyaga mwiba.

Zoezi ninalolitegemea halihitaji gharama. Nakata kipande cha manila, nakaa kando ya mtoto, na kila anapoanza kutamka neno nalifunika. Asipokuwa ameshaona maneno mawili matatu ya mbele, anakwama. Mwanzoni wanakasirika, wengine hununa kabisa. Nawaacha wanune, tunaendelea. Baadaye kasi inashuka yenyewe bila mimi kusema "polepole", neno ambalo, kwa maoni yangu, halijawahi kumsaidia msomaji yeyote.

Jaribio kali la jicho hilo ni tarakimu. Andika "vitabu 3" na "miti 3" uone. Anayesoma herufi tu atasema "vitabu tatu", kwa sababu macho yameona namba na mdomo umesahau ngeli. Moja hadi tano na nane hufuata ngeli: vitatu, mitatu, wanane. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki, na watoto wakishazoea kubadilisha huanza kubuni "vitabu visita". Miaka nayo ni mtego: 1961 isomwe elfu moja mia tisa sitini na moja, kwa pumzi moja, bila kuhesabu vidole. Katika matini ya mazoezi huwa naweka tarakimu kwa makusudi, pamoja na "n.k." na "Bw."

Matini ikishachaguliwa, tunaichora kwa penseli: mkwaju (/) mmoja pa kutua kidogo, miwili pa kuvuta pumzi. Mtoto achore mwenyewe. Nikimchorea mimi, atatua nilipotaka bila kujua sababu.

Matamshi nayashughulikia kwa uchache. Mtoto anayechanganya r na l, au dh na z, hatabadilika kwa wiki chache za mazoezi, na kumsahihisha kila neno kunamnyamazisha. Nachagua yale tu yanayogeuza maana ndani ya matini yake: mahari na mahali, kura na kula, thamani na samani. Mengine yasubiri.

Kisha kuna mikono. Shule zetu zimelelewa kwenye ngonjera, kwa hiyo ukimsimamisha mtoto mbele ya watu mkono unapanda wenyewe. Hapa mikono ishike kitabu, usawa wa kifua, kisizibe mdomo. Vivyo hivyo mazungumzo ya fisi na sungura: inatosha kubadili kasi na uzito wa sauti kidogo. Ukimwachia aigize, waamuzi watamwona mwigizaji na hadithi itapotea.

Nchini Ujerumani kuna shindano la kusoma kwa sauti la darasa la sita lililoanza mwaka 1959, ambako mbali na matini aliyoiandaa, mshiriki hupewa na nyingine asiyoijua. Naupenda utaratibu huo, nami huutumia kwenye mchujo wa shuleni hata pale mashindano yenyewe hayaudai, kwa sababu matini iliyokaririwa huficha mengi. Nawapa muda mfupi wa kuipitia kimya. Wasianze kuisoma tangu juu. Watafute kwanza majina ya watu, tarakimu na alama za kuuliza, kisha waangalie nani anazungumza na nani. Na wakiteleza katikati, wasiombe samahani. Neno likiwa limegeuza maana walirudie, la sivyo wasonge mbele.