Agosti ya Waingereza na fidia waliyolipwa mabwana

Kwa Waingereza Agosti ni mwezi wa mapumziko. Shule zimefungwa, Bunge limekwenda likizo, na familia zinashuka pwani kupunga upepo kabla joto halijapita. Lakini kalenda yao ya historia haipumziki mwezi huu. Tarehe 22 Agosti 1485 Mfalme Richard wa Tatu aliuawa vitani Bosworth, na ilikuwa Agosti tena, mwaka 2012, wachimbaji walipoanza kufukua maegesho ya magari mjini Leicester na kuikuta mifupa yake. Tarehe 4 Agosti 1914, saa tano usiku kwa saa za London, makataa waliyopewa Wajerumani waondoke Ubelgiji yalikwisha na Uingereza ikaingia vitani. Siku nne baadaye manowari yake ilikuwa ikiipiga Dar es Salaam kwa mizinga.

Sisi wa makumbusho tunaulizwa zaidi habari za wafalme na vita. Leo nawaomba wasomaji watazame tarehe mbili nyingine, ya 1 na ya 27, na wazisome kwa pamoja. Kila moja ikisomwa peke yake huficha jambo moja: utumwa ulipofutwa chini ya bendera ya Uingereza, aliyelipwa ni bwana.

Tarehe 1 Agosti 1834 ndiyo siku sheria ya kufuta utumwa ilipoanza kutumika katika sehemu kubwa ya makoloni ya Uingereza. Jamaica, Barbados, Trinidad na visiwa jirani huiadhimisha hadi leo, na wana kila haki. Waliohusika walikuwa watu wapatao 800,000. Hata hivyo, asubuhi ile walioamka wakiwa huru kabisa ni watoto wa chini ya miaka sita, pamoja na watu wa maeneo machache kama Antigua na Bermuda. Waliobaki walibadilishiwa jina tu, wakaitwa wanagenzi, na wakatakiwa kuendelea kumfanyia kazi bwana yuleyule bila ujira, hadi saa 45 kwa wiki. Ilibidi ingojwe tarehe 1 Agosti 1838 ndipo mpango huo uvunjwe. Tena sheria haikugusa maeneo yaliyokuwa chini ya Kampuni ya Uhindi ya Mashariki, wala kisiwa cha Ceylon.

Mabwana hawakungoja hivyo. Bunge liliwatengea pauni milioni 20, karibu asilimia 40 ya matumizi ya serikali kwa mwaka mzima, na serikali ikakopa ili iwalipe. Deni hilo lilimalizwa mwaka 2015, kwa hiyo Mwingereza wa leo mwenye umri wa kutosha amelichangia kwa kodi yake, wakiwamo wajukuu na vitukuu wa watumwa wenyewe waliohamia London na Birmingham.

Madaftari ya fidia yapo, na yanasomeka vizuri. Mstari mmoja una namba ya dai, jina la mdai, idadi ya watu na kiasi alichopewa kwa pauni, shilingi na peni. John Gladstone, baba wa William Gladstone aliyekuja kuwa waziri mkuu mara nne, alipata zaidi ya pauni 100,000 kwa watu zaidi ya 2,500. Hao 2,500 katika mstari huo ni tarakimu. Ukitaka majina yao lazima ufungue madaftari mengine, yale ya kuandikisha watumwa, ambamo mtu ameandikwa jina, umri, rangi, na kama alizaliwa Afrika au kisiwani.

Kwa nini Bunge lilikubali mwaka 1833 na si kabla? Sababu moja ni uasi mkubwa wa watumwa wa Jamaica uliozuka Krismasi ya 1831 chini ya Samuel Sharpe. Nyingine inaturudisha Agosti. Tarehe 16 Agosti 1819 watu wapatao 60,000, wengi wao wafumaji na wafanyakazi wa viwanda vya pamba, walikusanyika katika uwanja wa St Peter's mjini Manchester kudai haki ya uwakilishi. Mji wao haukuwa na mbunge hata mmoja, ilhali Old Sarum, kilima kisicho na wakazi, kilikuwa na wawili. Askari wa farasi waliwavamia kwa panga. Wapatao 18 walikufa, wa kwanza akiwa William Fildes, mtoto wa miaka miwili aliyeangushwa kutoka mikononi mwa mama yake. Mageuzi ya uchaguzi yalipitishwa mwaka 1832, na uchaguzi uliofuata ukapunguza nguvu ya wenye mashamba ya miwa bungeni.

Sasa tarehe 27 Agosti 1896, Unguja. Sultani Hamad bin Thuwaini alikuwa amefariki siku mbili kabla, na Khalid bin Barghash akaingia jumbani bila idhini ya Waingereza, ambao tangu 1890 waliiweka Zanzibar chini ya himaya yao. Makataa yalikwisha saa tatu asubuhi. Dakika mbili baadaye manowari zilianza kupiga, na kwa hesabu inayonukuliwa zaidi, baada ya dakika 38 kila kitu kilikuwa kimekwisha. Meli ya Sultani, Glasgow, ilizama bandarini na milingoti yake ikabaki imechomoza majini kwa miaka. Waingereza walijeruhiwa baharia mmoja. Upande wa jumba watu wapatao 500 walikufa au kujeruhiwa, na miongoni mwa waliolilinda walikuwamo mamia ya watumishi na watumwa. Kuviita vita hivi vifupi kuliko vyote duniani, kama michezo ya chemshabongo inavyopenda, ni kuwapita watu hao.

Khalid alikimbilia ubalozi wa Wajerumani. Waingereza wakamweka Hamoud bin Mohammed, na Aprili 1897 yeye ndiye aliyetia saini amri ya kufuta hadhi ya utumwa kisheria Unguja na Pemba. Muundo wake ungetambuliwa na mtu yeyote wa Jamaica. Bwana aliyethibitisha umiliki alilipwa fidia. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kuomba uhuru wake, na asipoonyesha makazi na riziki aliweza kuhesabiwa mzururaji. Masuria hawakuhusishwa mpaka mwaka 1909.

Anayetaka kufuatilia upande wa Karibi anaweza kupekua bure, kupitia intaneti, orodha ya waliolipwa iliyoandaliwa na Chuo Kikuu cha London, UCL. Kwa upande wa Unguja na Pemba, pa kuanzia ni Nyaraka za Taifa, Kilimani.