Je, wajua kwa nini uniti ya saa mbili usiku huchafua hewa kuliko ya saa nane?

Ukinunua tokeni Nairobi, mita haikuulizi utatumia stima saa ngapi. Uniti (yaani kilowati moja ikitumika kwa saa nzima) ya saa mbili usiku na ile ya saa nane usiku zina bei moja, zinapita waya uleule na zinawasha taa ileile. Tofauti iko kwenye mitambo iliyozizalisha.

Kwa jumla, Kenya iko mahali pazuri. Takriban uniti tisa kati ya kila kumi zinazozalishwa nchini hazitokani na mafuta. Zinatoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa ya mto Tana, upepo wa Loiyangalani na Ngong, na jua la Garissa. Tangu Novemba 2022 tunanunua pia megawati 200 kutoka Ethiopia, zinazofika Suswa kwa laini ya zaidi ya kilomita 1,000. Mtu akisikia hivyo huona hakuna kaboni iliyobaki ya kupunguza. Lakini huo ni wastani wa mwaka mzima, na gridi, yaani mtandao wa umeme wa taifa, haiendeshwi kwa wastani. Umeme unaotumika dakika hii lazima uzalishwe dakika hii, kwa sababu bado hatuna betri kubwa za kuuweka akiba.

Matumizi nayo hupanda na kushuka vibaya. Watu wakirudi kutoka kazini, kuanzia kama saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa nne usiku, taa zinawaka Kayole, Pipeline na Kawangware kwa pamoja, televisheni inafunguliwa, sare za shule zinapigwa pasi, na shawa ya umeme inawashwa kabla ya kulala. Mwaka 2025 kilele hicho kilivuka megawati 2,300. Ikifika usiku wa manane, mahitaji hushuka hadi karibu nusu yake.

Sasa fikiria Olkaria, kule Naivasha. Visima vyake vingine vina kina cha kilomita tatu, na mvuke unaotoka huko hauna bomba la kufungua na kufunga kila saa mtu apendavyo. Kisima hupendelea kutiririka bila kukoma. Mahitaji yakianguka usiku, kuna nyakati mvuke huachiliwa uende hewani bila kuzungusha mtambo wowote. Mitambo ya upepo ya Loiyangalani, 365 kwa idadi, nayo huamriwa ipunguze uzalishaji ingawa upepo wa usiku unavuma kwa nguvu zake zote. Hili linaniuma, maana tulikopa mabilioni kuchimba visima na kujenga laini, halafu tunautupa umeme safi wakati jiji limelala.

Saa mbili usiku mambo ni kinyume. Wahandisi wanaoongoza gridi hutumia kwanza umeme wa bei nafuu: mvuke, upepo, wa Ethiopia. Maji ya mabwawa kama Gitaru na Kiambere husaidia sana, kwani huongezwa na kupunguzwa haraka, ila mvua ikikosa hayatoshi. Jua la Garissa wakati huo limeshatua. Pengo linalobaki huzibwa na mitambo ya mafuta mazito ya Kipevu, Thika na Athi River. Kila uniti ya mitambo hiyo hutoa zaidi ya gramu 600 za hewa ya kaboni. Gharama yake unailipa: angalia bili yako utaona tozo ya mafuta, ambayo hubadilika kila mwezi na hutozwa kila uniti kwa kiwango kilekile, hata ya anayeoga saa sita usiku.

Kuna jambo jingine lisilozungumzwa sana. Waya hupata joto umeme ukipita ndani yake, na mkondo ukiongezeka maradufu, nishati inayopotea kwa joto huwa mara nne. Kwa hiyo ni saa za kilele, transfoma za mitaa zikiwa zimelemewa, ndipo umeme mwingi hupotea njiani. Ukijumlisha na wizi wa stima, katika miaka ya karibuni zaidi ya uniti 20 kati ya kila 100 zinazoingia kwenye gridi zimekuwa hazifiki kwenye bili ya mtu yeyote. Ukiokoa uniti moja nyumbani jioni, mitamboni imeokolewa zaidi ya moja.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, swali la Nairobi si tu kutumia kiasi gani, bali kutumia lini. Chukua pampu ya ploti ya ghorofa, inayopandisha maji ya kisima hadi matangi ya juu. Pampu ya kilowati tatu ikifanya kazi kwa muda wa saa mbili hula uniti sita. Msimamizi akiiwasha saa kumi alfajiri badala ya saa mbili usiku, maji ni yaleyale na uniti ni zilezile, lakini kama zingetoka Athi River, karibu kilo nne za kaboni hazikutoka. Kifaa cha kuiwasha kwa saa si ghali. Shawa ni ngumu zaidi kuhamisha, lakini inafaa kujua kwamba ya wati 5,000 hula karibu uniti nzima kwa dakika kumi, sawa na balbu ya LED ya wati 9 kuwaka zaidi ya saa 90.

Bei inaweza kuwasukuma watu. Viwanda vilianza kupewa nafuu ya umeme wa usiku Desemba 2017. Mwaka 2023 magari na pikipiki za umeme zikapata bei yao: shilingi 16 kwa uniti saa za kilele na 8 nje ya hapo, kabla ya tozo na kodi. Mwendesha boda anayechaji usiku wa manane anatumia mvuke ambao huenda ungetupwa. Mwenye nyumba wa kawaida hana bei kama hiyo, na mita ya tokeni aliyo nayo huhesabu uniti bila kujali saa. Bei ya usiku ikitakiwa ifike kwake, mita zitabidi zibadilishwe kwanza, na ningependa kazi hiyo ianzie kwenye ploti zenye pampu.