Vyuo Haviongezwi kwa Sababu ya Vikombe

Mashabiki wengi wa michezo ya vyuo vikuu vya Marekani huamini kwamba konferensi, yaani ushirika wa vyuo vinavyocheza ligi moja, inapotaka kupanuka hutafuta vyuo vyenye timu bora. Ushahidi haukubaliani na imani hiyo.

Mwaka 2012 Big Ten, mojawapo ya konferensi kubwa, ilitangaza kuvipokea vyuo vya Maryland na Rutgers, vilivyoingia rasmi mwaka 2014. Rutgers haikuwa na sifa ya ubingwa katika futiboli ya Kimarekani, lakini iko New Jersey, jirani na jiji la New York, na Big Ten ilikuwa na chaneli yake ya televisheni tangu mwaka 2007. Katika majimbo yenye chuo mwanachama, wateja wa kebo walitozwa ada kubwa zaidi kwa ajili ya chaneli hiyo, hata wale wasioitazama kamwe. Kilichotafutwa, kwa kweli, ni kaya hizo.

Stanford, chuo cha California, inathibitisha jambo hilo kwa upande wa pili. Hakuna chuo kinachoizidi kwa mataji ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, lakini konferensi yake ya pwani ya magharibi, Pac-12, iliposambaratika mwaka 2023, Big Ten ilivichukua Oregon na Washington ikaiacha Stanford, ambayo hatimaye ilijiunga na konferensi ya pwani ya Atlantiki kwa mgawo pungufu wa mapato ya televisheni. Wanaobeba gharama ni wanafunzi wa voliboli na michezo mingine isiyoleta fedha hizo, ambao sasa husafiri kutoka California hadi Carolina Kaskazini katikati ya muhula, na hilo naliona kuwa dhuluma.