Mama anajua Kiingereza, karatasi inasema hajui: jinsi watu wazima wanavyopimwa

Mama mmoja alikuja kujiandikisha kwenye kituo chetu cha elimu ya watu wazima hapa Louisville, jimbo la Kentucky. Nikamuuliza kwa Kiingereza anafanya nini siku ambazo haendi kazini. Akajibu neno moja: "Church." Nikamwomba aeleze zaidi kidogo. "Yes, church." Nikaandika alama, tukaendelea. Mtihani ulipokwisha, akiwa anafunga mkoba, akaniuliza kwa Kiswahili kama amefeli. Kabla sijajibu akaanza kunieleza habari za kwaya yake: mazoezi ni Alhamisi, msimamizi wa ghala amembadilishia shifti, sasa sauti ya pili haina mtu. Alipofika kwenye habari za msimamizi akahamia Kiingereza bila kujitambua, "he change my shift, I tell him please, he say no." Ndicho Kiingereza nilichokuwa nakitafuta kwa tochi dakika kumi nyuma. Lakini karatasi ilikuwa imeshafungwa.

Naandika kwa ajili ya watu kama mama huyu, na kwa watoto wao wanaowaleta kujiandikisha. Wengi wetu tunaotoka Kongo, wengine kupitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma au Nakivale, tunapofika Marekani tunakutana na mtihani wa Kiingereza hata kabla hatujajua darasa liko chumba gani. Hakuna anayetueleza unapima nini. Tunaukabili kama mtihani wa shule tuliyoijua, ule wa kukosea ukachapwa, na hapo ndipo tunapojipunja.

Kwanza tuondoe hofu. Mtihani huu hauna kufaulu wala kufeli. Hauendi uhamiaji, haugusi kadi ya kijani wala misaada ya chakula. Mtihani wa uraia ni kitu kingine kabisa na una ofisi yake. Huu wetu ni kama mzani wa kliniki: mtoto anapimwa siku ya kwanza, anapimwa tena baadaye, na kinachotafutwa ni kama ameongezeka. Sheria ya shirikisho ya mwaka 2014 kuhusu mafunzo ya kazi, ambayo ndani yake imo elimu ya watu wazima, inataka vituo vinavyopokea fedha za serikali vionyeshe kwamba wanafunzi wao wanasonga mbele. Kwa hiyo nikikupima wewe, na kituo changu kinapimwa. Nalisema wazi kwa sababu watu hudhani mtahini anawawinda. Mtahini anaomba kimoyomoyo uongee.

Wanaojifunza Kiingereza wamepangwa katika ngazi sita, kuanzia asiyejua kusoma wala kuandika lugha yoyote hadi anayekaribia kuingia chuo. Kuzungumza na kusoma hupimwa mbali mbali, na mara nyingi majibu hayalingani. Nimeshampima mfanyabiashara wa sokoni aliyeongea nami bila kusita, lakini alipopewa karatasi akaishika juu chini. Siku hiyo hiyo nikampima mwalimu wa zamani aliyesoma taarifa ya ukurasa mzima akajibu yote, kisha nilipomuuliza amekujaje kituoni akatoka jasho. Wote wawili wanajua Kiingereza, kila mmoja nusu yake.

Nianze na mazungumzo. Mtihani unaotumika katika vituo vingi unaitwa BEST Plus. Umetengenezwa na Center for Applied Linguistics, taasisi ya wataalamu wa lugha iliyoko Washington. Mzazi wake, BEST, ulizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Vietnam, Kambodia na Laos, watu waliofika wakihitaji kukodi nyumba na kumweleza daktari panapouma, wala si kuchambua sarufi. Ndiyo maana maswali yake ni ya nyumba, kazi, watoto, afya, usafiri, mtaa. Maswali yenyewe siwezi kuyataja, ni siri ya mtihani, ila ukikaa na jirani kwenye kituo cha basi utaulizwa mambo ya aina hiyo hiyo.

Kila jibu linapewa alama kwa mambo matatu. La kwanza ni kama umeelewa swali, kuanzia 0 hadi 2. La pili ni jinsi ulivyolijenga jibu lako, 0 hadi 4. La tatu ni kama mtu asiyezoea kusikiliza wageni angekuelewa, 0 hadi 3. Tazama lenye uzito mkubwa ni lipi. Ni la pili, ujenzi wa jibu. Na ujenzi hauhesabu makosa ya sarufi, unaangalia kama umetoa neno tupu, sentensi, au sentensi kadhaa zilizoshikana, zenye "because" na "but" ndani yake. "He change my shift, I tell him please" ina makosa mawili, lakini ina watu wawili, tukio na ombi. "Church" haina kosa hata moja, na haina kitu.

Kwa nini basi tunajibu neno moja? Sidhani ni upungufu wa Kiingereza peke yake. Tumelelewa kwamba mbele ya mkubwa, hasa mwenye karatasi na kalamu, mtu mwenye adabu hujibu alichoulizwa akanyamaza. Miaka ya kambini imeongeza lake: kwenye usaili wa wakimbizi, neno la ziada lingeweza kukuletea swali jingine, na swali jingine lingeweza kuchelewesha safari mwaka mzima. Watu wamejifunza ufupi kama kinga. Kwenye chumba changu ufupi huo unawagharimu. Ukiulizwa kama unaupenda mtaa unaokaa, sema ndiyo, kisha sema kwa nini, kisha lalamika habari ya jirani anayepiga muziki usiku. Kulalamika kunahitaji Kiingereza kingi, na mtahini hachoki.

Kuna mtego mwingine ambao Kiswahili chenyewe kinatutegea. Mtu akikuuliza "Huna gari?" nawe huna, unajibu "Ndiyo, sina." Kwa Kiingereza jibu hilo linaanza na "no". Ukisema "yes" ukanyamaza, mtahini ameandika kichwani mwake kwamba una gari, na swali linalofuata litakuwa la gari hilo. Utashangaa, atadhani hukuelewa. Dawa ni ile ile, malizia sentensi. "I don't have a car" haina utata hata ukiitanguliza na "yes". Vivyo hivyo kwa "he" na "she", ambazo kwetu zote ni "yeye". Utamsema mumeo "she", utacheka, utaendelea. Lafudhi nayo isikuhangaishe. Kutia irabu mwishoni mwa neno, "I worki at nighti", hakumzuii mtu kukuelewa.

Jambo jingine ambalo watu huja kunilalamikia: "Mwalimu, maswali yalianza vizuri, halafu yakawa magumu, nikajua nimeharibu." Ni kinyume chake. Mtihani ukifanywa kwa kompyuta, unachagua swali linalofuata kulingana na jibu lililopita. Ukijibu vizuri unapandishwa, ukikwama unateremshwa, mpaka mashine ipate uhakika wa ulipo. Anayeulizwa mepesi tu hadi mwisho ndiye ambaye hakupanda.

Na wale wanaotaka kumsindikiza mama au mke ndani ya chumba, naomba mbaki nje. Nimewahi kumwuliza mke, akajibu mume, kwa upole kabisa, akidhani anamsaidia. Mtihani ulipaswa kurudiwa siku nyingine.

Sasa kusoma. Hapa wengi tunatumia mitihani ya CASAS, shirika lililoanza mwaka 1980 huko San Diego, Kalifonia. Ni ya kuchagua jibu, na unasoma kimya, husomi kwa sauti. Hili la kimya linawachanganya watu wetu kuliko chochote. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, kwa hiyo aliyekwisha kujua herufi anaweza kusoma kwa sauti ukurasa wowote, hata asiouelewa. Anautumia ustadi huo huo kwenye Kiingereza: anapita juu ya maneno akiyatamka kimoyomoyo Kiswahili-Kiswahili, anafika mwisho, anajisikia amesoma. Kisha swali linamuuliza mwenye nyumba anataka mpangaji afanye nini Jumanne, na hajui.

Maandishi ya mtihani ni yale yanayojaa kwenye sanduku lako la barua: tangazo la kukatwa maji, bili ya umeme, ratiba ya basi, kibandiko cha dawa, barua ya shule. Nayo hayasomwi kama Maandiko. Sisi tumefundishwa kusoma kwa heshima, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, bila kuruka. Kwenye ratiba ya basi heshima hiyo inakula muda, na mtihani una dakika zake. Soma swali kwanza, halafu iwinde habari moja unayoulizwa, ya bei au siku au saa, mengine yaache. Watu wazima wengine huona hii ni kama kudanganya. Sivyo. Hata mwenye nyumba aliyeiandika barua ile hakutarajia uisome yote.

Saa zenyewe zina hadithi yake. Waliokulia Kigoma wanahesabu saa kuanzia siku inapoanza, saa moja ni jua linapochomoza. Wanaona 9:00 kwenye karatasi, na kichwa kinapaswa kugeuza kuwa saa tatu asubuhi. Anayesahau kugeuza anaisoma saa tisa, na akiambiwa achague kama miadi ni kabla au baada ya chakula cha mchana, anachagua baada. Nimeona jibu hilo mara nyingi mno kuliita uzembe. Tarehe pia: 04/05 kwetu ni tarehe 4 Mei, hapa ni tarehe 5 Aprili, kwa sababu Wamarekani hutanguliza mwezi. Mtu anaweza kulikosa swali hilo huku kila neno la barua analijua.

Waliosoma Kifaransa shuleni wana mtaji, na wana deni. Mtaji ni maneno marefu: "information", "document", "hospital" wanayatambua mara moja, ndiyo maana mwalimu wetu wa zamani alisoma vizuri hivyo. Deni ni yale maneno yanayofanana sura tu. "Pain" kwa Kifaransa ni mkate. Kwenye kibandiko cha dawa ni maumivu, na anayesoma "for pain" akafikiria dawa inywewe pamoja na mkate hajafanya upumbavu wowote, ametumia alichonacho. "Library" nayo, ingawa inafanana na "librairie" ya Kifaransa, si duka la vitabu, ni maktaba, tena ya bure, na madarasa mengi ya jioni hufanyika humo.

Usibahatishe. Najua ushauri huu ni wa ajabu, kwa sababu shuleni tulifundishwa tusiache swali wazi. Lakini ukibahatisha maswali kumi na ukabahatika, utawekwa darasa la watu wanaojadili mikataba ya kazi, utakaa nyuma wiki tatu ukitabasamu, kisha utaacha kuja. Tena siku ya kupimwa mara ya pili bahati haitakuwepo, na karatasi itaonyesha umerudi nyuma ilhali umejifunza. Usiombe jibu kwa jirani pia, hata kama ni wa ukoo wako. Wala usijishushe makusudi ili uongezeko uonekane mkubwa, maana wapo wanaoshauriana hivyo, nasi tunawajua kwa sababu wanaosoma neno gumu hawawezi ghafla kusahau jepesi.

Kipimo cha pili hakifanywi kesho yake. CASAS inashauri mwanafunzi apate saa 70 hadi 100 za masomo kwanza. Kwa anayesoma saa sita kwa wiki, hiyo ni miezi mitatu hadi minne bila kukosa, na sijamjua mtu mwenye watoto na shifti ya usiku asiyekosa. Alama zikipanda kidogo tu baada ya muda huo, uliza walimu ni sehemu gani haikupanda. Karatasi ya matokeo inaonyesha, na una haki ya kuelezwa, kwa Kiswahili ikiwezekana.

Siku ya mtihani usije moja kwa moja kutoka ghalani. Aliyepakia maboksi usiku kucha hawezi kuwinda saa kwenye ratiba ya basi. Piga simu tubadilishe siku, hakuna anayekukatia alama kwa hilo. Kula. Na uje na miwani. Katika watu wa zaidi ya miaka arobaini waliopata alama za chini za kusoma mezani kwangu, kuna ambao herufi walikuwa wanazijua, wanazisogeza tu mbali, mbali zaidi, mpaka mkono ukaisha. Nina jozi tano za miwani ya kusomea kwenye droo, nilizinunua dukani. Mtu akiniomba nampa, akimaliza ananirudishia, tunaendelea.