Bibi anayezurura usiku si mchawi

“Uzee ndio huo, mwacheni.” Ukifika Jilore au Langobaya, huku Kilifi, ndilo jibu utakalopewa mzee anapoanza kurudia swali lile lile. Kuchelewa kukumbuka jina la mtu ni uzee, sawa. Lakini mtu kupotea kwenye njia ya mto Sabaki aliyoipita tangu utotoni ni ugonjwa wa ubongo. Ule unaoongoza kwa kuharibu kumbukumbu, Alzheimer, ulielezwa na daktari wa Ujerumani tangu 1906. Wazee wengi hufika miaka 90 akili zao zikiwa timamu.

Mzee aliyenyamaza naye huambiwa ametulia, au ana kiburi. Hapo tunawapoteza wengi. Sonona ya uzeeni, yaani ugonjwa wa huzuni (depression), mara nyingi haiji na machozi. Huja na mgongo usioisha kuuma, usingizi unaokatika saa tisa usiku, sima inayorudishwa nusu, na mtu aliyependa mazungumzo kukataa kutoka chumbani. Tena humsahaulisha, ndipo watu wakadhani akili imekwisha. Mara nyingi mwenye sonona hulalamika mwenyewe kwamba hakumbuki kitu, na hali yake imegeuka ndani ya wiki chache, pengine baada ya msiba. Mwenye ugonjwa wa kumbukumbu mara nyingi huona hana tatizo lolote. Ni watoto wake, wakifikiri vizuri, wanaotambua kwamba mambo yalianza kitambo, kidogo kidogo. Hicho si kipimo, daktari ndiye wa kuamua. Ila sonona hutibika, hata kwa mtu wa miaka 80.

Dhana inayoua ni ya uchawi. Katika kaunti yetu ya Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa tu, hadi wengine wanapaka nywele rangi nyeusi kuficha mvi. Kaya Godoma, kule Ganze, imekuwa kimbilio la waliofukuzwa makwao. Mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna ugomvi wa shamba. Lakini hebu uangalieni na huo ushahidi wenyewe: bibi kakutwa usiku nyuma ya nyumba ya jirani, leso moja tu mwilini, anazungumza peke yake, anamwita mumewe aliyezikwa zamani. Yote hayo ni dalili zinazojulikana za ugonjwa wa kumbukumbu. Jua likizama, wagonjwa wengi huchanganyikiwa zaidi. Hutaka kurudi nyumbani ilhali wako nyumbani, kwa kuwa wanayoitafuta ni nyumba ya utoto wao. Bibi huyo ni wa kushikwa mkono na kurudishwa kwake, kisha kupelekwa zahanati asubuhi. Si wa kuitiwa vijana.

Mzee akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, hiyo ni dharura: huenda ni malaria, maambukizi ya mkojo, sukari kushuka au kukosa maji mwilini. Msianzie kwa mganga.

“Hata akipelekwa hospitali, hakuna dawa.” Alzheimer haiponi, kweli. Lakini upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo inayofanya kazi kidogo mno na dawa zinazogongana pia husahaulisha, na hayo hurekebishika. Presha, kisukari na masikio yasiyosikia huongeza hatari ya kupoteza kumbukumbu. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini hutembea na mashine ya presha na ya sukari, basi mwombeni aanze na hizo. Nyumbani, washeni taa kabla giza halijaingia. Akimuulizia marehemu mumewe, msibishane naye. Mwombeni awasimulie habari zake, huku mkimpa mchicha auchambue.