Si kila klova ya milimani ni mgeni

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, hasa ya wakulima na wafugaji: kwamba klova yote (mimea midogo ya malisho ya jamii ya kunde, ambayo kila jani lake lina vijijani vitatu) inayoota nyanda za juu za Afrika Mashariki ililetwa na walowezi, kwa hiyo ing'olewe. Si kweli. Nyanda hizi na za Ethiopia zina zaidi ya spishi 20 za asili za jenasi Trifolium, yaani kundi la klova. Mojawapo, Trifolium usambarense, imepewa jina la milima ya Usambara.

Mkanganyiko unaeleweka. Klova nyeupe ya Ulaya, Trifolium repens, kweli ililetwa kwa ajili ya malisho, na inafanana sana na Trifolium semipilosum ya kwetu. Zote hutambaa, na zote huwa na alama nyeupe kwenye majani, kwa hiyo alama hiyo haithibitishi chochote.

Chuma jani, ligeuze, ulitazame juani, ikiwezekana kwa lenzi. La kwetu lina vinyweleo kwenye kikonyo na upande wa chini, mara nyingi nusu moja tu ya kila kijijani. La Ulaya ni laini, halina vinyweleo au linavyo vichache mno.

Ua likiwa la zambarau, angalia chini yake. Klova nyekundu ya Ulaya, Trifolium pratense, huwa na majani yaliyobana kichwa cha ua. Trifolium burchellianum ya milimani hubeba ua juu ya kikonyo kitupu.

Tafadhali, ujumbe huo ukikufikia usiusambaze. Anayeuamini anaweza kung'oa mmea wa asili unaolisha mifugo na kurutubisha udongo wake.